Kukimbia Hell's Gate na Longonot: Njia Zilizopo, na Tahadhari ya Korongo la Ol Njorowa

Mbuga za kitaifa za Hell's Gate na Mlima Longonot, zilizo karibu na Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, ni miongoni mwa maeneo machache ya hifadhi nchini ambako mgeni anaruhusiwa kushuka garini na kutembea, kuendesha baiskeli au kukimbia kwa miguu yake mwenyewe. Kutoka Nairobi, safari ya kwenda Hell's Gate ni takriban kilomita 90. Ukaribu huo umezifanya mbuga hizi kuwa chaguo la vikundi vya wakimbiaji, wanafunzi, wafanyakazi wa ofisi na familia zinazotaka kuacha lami kwa siku moja.

Kukimbia porini ni kukimbia katika vijia vya udongo, mchanga na mawe, penye kupanda na kushuka, badala ya uwanja au barabara ya lami. Makala haya yanaeleza njia kuu zinazofaa kwa mbio hizo katika mbuga hizi mbili, maandalizi yanayohitajika na taratibu za kuingia. Aidha, yanaeleza kwa kirefu kwa nini korongo la Ol Njorowa, licha ya uzuri wake, si mahali pa kukimbia. Wakenya na wageni wamepoteza maisha humo, na mazingira ya vifo hivyo yana funzo kwa kila anayepanga safari.

Sura ya eneo

Hell's Gate ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1984, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 68 na ushei. Longonot ilitangazwa mwaka mmoja kabla, 1983, nayo ina kilomita za mraba 52. Zote mbili zimo ndani ya Bonde la Ufa, na ardhi yake ni zao la volkano: majabali mekundu yaliyosimama wima, milima yenye kasoko, majivu yaliyogeuka udongo mwepesi, na vipande vya kioo cheusi cha volkano vilivyotapakaa njiani.

Joto la chini ya ardhi halijapoa. Kituo cha Olkaria kilianza kuzalisha umeme kwa jotoardhi mwaka 1981, na hadi leo mabomba ya mvuke yanaonekana yakipita kati ya vilima upande wa magharibi wa Hell's Gate.

Maelfu ya miaka iliyopita, Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na lenye kina kirefu kuliko lilivyo sasa. Maji yake yalifurika kuelekea kusini na kuchonga mwamba laini hadi likapatikana korongo refu, jembamba, lenye kuta za kuogofya. Hilo ndilo korongo la Ol Njorowa. Ziwa lilipopungua, mkondo huo ulikauka, lakini mfereji ulibaki. Mvua kubwa inyeshapo katika vilima vinavyouzunguka, maji huufuata tena kama yalivyofanya zamani.

Njia ya kwanza: bonde la majabali

Hii ndiyo njia rahisi zaidi na inayomfaa anayeanza. Huanzia Lango la Elsa, ambalo hufikiwa kwa barabara inayochepuka kutoka barabara ya kusini mwa ziwa. Mara baada ya kuingia, mkimbiaji hukutana na Mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba yenye kimo cha takriban mita 25. Nguzo hiyo ilipewa jina la Gustav Fischer, mvumbuzi kutoka Ujerumani aliyefika eneo hili mwaka 1883. Wamaasai wana simulizi yao kuhusu mwamba huo: wanasema ni binti aliyekuwa akipelekwa kwa mumewe, akakiuka mila kwa kugeuka kuitazama nyumba ya wazazi wake mara ya mwisho, akawa jiwe.

Kutoka hapo njia hupita katikati ya bonde pana lenye nyasi, majabali yakiwa kushoto na kulia, hadi eneo la mapumziko lililo karibu na korongo. Umbali ni kama kilomita 8 kwa upande mmoja, hivyo kwenda na kurudi ni kama kilomita 16. Mwinuko si mkali. Jambo la kuzingatia ni vumbi na msongamano, kwa kuwa barabara hiyo hutumiwa pia na magari ya watalii na waendesha baiskeli, hasa siku za Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Anayekimbia anashauriwa kukaa upande anaouona msafara unaomjia, na kutoziba masikio kwa vifaa vya kusikilizia muziki.

Kivuli ni haba katika njia hii. Anayeanza asubuhi mapema hunufaika na hewa ya baridi. Anayeanza saa nne au saa tano hukimbia kurudi jua likiwa utosini, na wengi huishiwa maji katika kilomita za mwisho.

Njia ya pili: Mzunguko wa Nyati

Njia hii huchepuka kutoka bondeni na kupanda ardhi ya juu. Kutoka huko Mlima Longonot huonekana wote, kuanzia miguu yake hadi ukingo wa kasoko. Ni njia ya mkimbiaji aliyezoea kupanda, kwa kuwa ina miinuko mirefu, mchanga mzito na watu wachache.

Jina lake halikutolewa bure. Nyati hulisha katika vichaka vya huko, na kwa kuwa magari ni machache, hawashtuki mapema. Njia hii haifai kwa mtu aliye peke yake. Ni vyema kuikimbia kwa kikundi, baada ya kuwauliza askari wa wanyamapori langoni mahali makundi ya nyati yalipoonekana siku hiyo. Wakishauri njia nyingine, ushauri huo ufuatwe.

Njia ya tatu: Mlima Longonot

Longonot ni mtihani wa aina nyingine. Jina lake linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mlima wa migongo mingi yenye miteremko mikali, na mpandaji huitambua maana hiyo ndani ya nusu saa ya kwanza. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni kilomita 3.1 za kupanda. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Ukijumlisha na kushuka, safari nzima ni kama kilomita 13.4. Sehemu ya juu kabisa ya ukingo ina mwinuko wa mita 2,776 kutoka usawa wa bahari. Watembeaji wengi huimaliza safari hiyo kwa saa nne hadi tano.

Sehemu kubwa ya ukingo haimruhusu mtu kukimbia, hata awe hodari kiasi gani. Kijia ni chembamba. Upande mmoja ni kasoko yenye msitu chini yake, na upande wa pili ni mteremko wa nje wa mlima. Udongo wa majivu huporomoka chini ya viatu, na mvua imechimba mifereji ambayo baadhi yake ina kina cha kumfikia mtu kiunoni au zaidi. Utaratibu mzuri ni kukimbia palipo tambarare, kutembea palipo pembamba, na kushuka kwa hatua fupi. Ajali nyingi za vifundo na magoti katika milima ya aina hii hutokea wakati wa kushuka, miguu ikiwa imechoka.

Mvua ikianza ukiwa ukingoni, usiingie katika mifereji hiyo hata kama inaonekana kuwa njia ya mkato. Maji huishika haraka, na udongo wake huteleza kama sabuni.

Korongo la Ol Njorowa: kwa nini si mahali pa kukimbia

Mwezi wa Aprili 2012, watu saba waliokuwa katika ziara ya kikundi cha vijana wa kanisa walifariki baada ya mafuriko ya ghafla kuwakuta ndani ya korongo hili. Mwezi wa Septemba 2019, watu wengine saba walifariki katika korongo hilo hilo kwa sababu hiyo hiyo. Baada ya mkasa wa pili, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lililifunga korongo kwa wageni.

Miezi ya mikasa hiyo ina jambo la kutufunza. Aprili ni katikati ya msimu wa mvua za masika, ambao kwa kawaida huanzia Machi hadi Mei. Septemba haimo katika msimu huo, wala haimo katika msimu wa vuli unaoanza Oktoba hadi Desemba. Mtu anayetegemea kalenda peke yake angesema kwamba Septemba ni mwezi salama. Mwaka 2019 haukuwa hivyo.

Jambo la pili ni kwamba mvua inayoleta mafuriko si lazima inyeshe juu ya kichwa chako. Korongo ni mfereji unaopokea maji ya vilima vya mbali. Ardhi hiyo ina majivu ya volkano na nyasi haba, na dhoruba kali ikinyesha, sehemu kubwa ya maji haipati nafasi ya kuzama. Hutiririka juu ya ardhi, hukusanyika katika vijito, na vijito vyote huishia penye upenyo mmoja. Aliye chini anaweza kuwa ameinua uso akaona utepe wa mbingu ya buluu kati ya kuta mbili, ilhali maji yamekwisha kuanza safari ya kumfikia.

Jambo la tatu linawahusu wakimbiaji hasa. Mtu aliyezoea mbio huamini, hata bila kulisema, kwamba miguu yake itamwokoa. Katika uwanda wa wazi imani hiyo ina msingi. Ndani ya korongo haina. Sakafu yake ina mawe yanayoteleza, maporomoko madogo ya kushuka kwa mikono, na sehemu nyembamba ambamo watu hupita mmoja mmoja. Maji hayapunguzi mwendo penye wembamba, bali huongezeka kina na nguvu. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na mafuriko ya korongoni huja yamebeba matope, magogo na mawe. Anayejaribu kushindana nayo kwa kukimbia kufuata mkondo anakimbilia kule kule yanakokwenda.

Pamoja na hayo, kuna chemchemi za maji ya moto zinazotoka ukutani na kumwagika sakafuni. Baadhi yake zinaweza kuunguza ngozi. Vilevile, kuta ndefu za mwamba huzuia mawimbi ya simu, kwa hiyo aliyepatwa na ajali chini huenda asiweze kuomba msaada hadi mwenzake apande juu.

Kwa sababu hizo, korongo lisiingizwe katika mpango wa mbio, hata kama sehemu ya njia inaonekana kupita humo kwenye ramani ya simu. Uamuzi wa kufungua au kufunga korongo ni wa KWS, na wageni wanatakiwa kuulizia hali ya siku hiyo langoni. Linapokuwa limefungwa, hakuna mwongozaji, mwenyeji wala kiongozi wa kikundi mwenye mamlaka ya kumruhusu mtu kushuka.

Dalili za mafuriko na hatua za kuchukua

Dalili zifuatazo zinapaswa kumfanya aliye katika korongo, mfereji au mto mkavu apande juu mara moja, bila kusubiri uthibitisho:

1. Ngurumo za radi au wingu jeusi juu ya vilima vya mbali, hata kama hapo ulipo kuna jua.
2. Maji yaliyokuwa maangavu kugeuka rangi na kuwa ya matope.
3. Vijiti, majani na povu kuanza kuelea katika kijito kilichokuwa kimetulia.
4. Upepo wa baridi wa ghafla unaofuata mkondo, au mvumo kama wa lori linalokuja kutoka upande wa juu.

Ukiona dalili mojawapo, tafuta ukuta au mteremko ulio karibu unaopandika, uende juu kadiri uwezavyo. Acha begi na mali nyingine. Usivuke mkondo kwenda kumfuata mwenzako aliye upande wa pili, kila mmoja apande upande alipo. Ukishafika juu, kaa huko hata baada ya maji kupungua, kwa kuwa wimbi la pili linaweza kufuata kutoka kilima kingine. Piga simu ya dharura nambari 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana kwa nambari 1199.

Kukimbia kati ya wanyamapori

Hell's Gate ina pundamilia, twiga, swala, kongoni, pofu, ngiri, nyani na nyati. Chui wapo, ingawa huonekana kwa nadra. Katika majabali, tumbusi na tai hujenga viota vyao, na pimbi hujianika mawe yakishapata joto. Sehemu kubwa ya wanyama hao hujitenga wakimwona mtu. Hata hivyo, mkimbiaji hufika ghafla kuliko mtembeaji, na mnyama aliyeshtuliwa hana muda wa kuchagua kukimbia.

Kwa hiyo, punguza mwendo uwe wa kutembea unapokaribia kona, kichaka kizito au mahali pa maji. Zungumza kwa sauti ya kawaida ili usikike. Ukimwona nyati, hasa dume aliye peke yake, simama, kisha rudi nyuma taratibu ukiwa umemkabili, na uzunguke kwa mbali au usubiri gari lipite. Usipite kati ya mnyama na mtoto wake. Usiwape nyani chakula, wala usikile mbele yao. Tumbusi na tai wenye makinda wanaweza kuviacha viota wakisumbuliwa, na ndiyo sababu kelele na kurusha mawe kwenye majabali havikubaliki.

Maandalizi ya mwili na vifaa

Mwinuko wa eneo hili huanzia kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Katika mwinuko wa mita 2,000, shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, hivyo kila pumzi huleta oksijeni pungufu. Mkimbiaji anayetoka Mombasa, Malindi au Dar es Salaam asishangae mwendo wake wa kawaida ukimlemea. Siku moja au mbili za kutembea kabla ya kukimbia humsaidia. Maumivu makali ya kichwa, kichefuchefu au kizunguzungu ni amri ya kushuka na kupumzika.

Beba maji ya kutosha kwa safari nzima, kwa kuwa maji ya njiani si ya kunywa. Lita 2 kwa mtu mmoja ni kiasi cha kuanzia kwa Longonot, na zaidi siku ya jua kali. Viatu viwe na kanyagio lenye meno na soli ngumu, kwa kuwa kioo cheusi cha volkano hukata kama wembe. Kitambaa cha kufunika pua husaidia dhidi ya vumbi. Kofia, koti jepesi la mvua, filimbi, bandeji na simu yenye chaji ni vitu vya lazima, wala havina uzito wa kumchosha mtu.

Taratibu za kuingia

Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Ada za kuingia hulipwa kwa njia ya kielektroniki kupitia jukwaa la eCitizen, na viwango vyake hutofautiana kwa raia, wakazi na wageni wa kimataifa. Ni vyema kulipa kabla ya kusafiri na kuja na kitambulisho cha taifa au pasipoti.

Kabla ya safari, soma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya si wa Naivasha pekee bali wa maeneo yote yanayoizunguka. Katika Bonde la Ufa mvua nyingi hunyesha alasiri na jioni, hivyo anayeanza alfajiri na kumaliza kabla ya saa sita mchana amejiepusha na sehemu kubwa ya hatari. Waambie askari wa langoni njia utakayofuata na saa unayotarajia kurudi. Mwachie taarifa hiyo hiyo mtu wa nyumbani. Kiongozi wa kikundi ahesabu watu wakati wa kuingia, njiani na wakati wa kutoka, na mwendo wa kikundi uwe ule wa mtu wa nyuma kabisa.

Kwa anayetaka muhtasari: anayeanza achukue njia ya bondeni, kilomita 16 kwenda na kurudi. Mzoefu aliye na wenzake anaweza kupanda Mzunguko wa Nyati. Anayetaka kupima mapafu na magoti yake aende Longonot, kilomita 13.4. Njia zote hizo zinampa mkimbiaji mandhari ya majabali, wanyama na milima bila kumlazimu kuingia katika mfereji wa maji. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na kwa anayekwenda Hell's Gate, tahadhari hiyo huanza kwa kuviangalia vilima vya mbali kabla ya kuangalia saa ya mkononi.